Kabla Hujabadilisha Kompyuta ya Gari, Tafuta Kilichoiua



Leo sikuletei somo la Jumapili. Nataka tuongee kuhusu gari kuukuu. Wengine wenu mnasoma haya mkiwa ndani ya matatu, wengine mko gereji mkimsubiri fundi, na kuna mmoja ameambiwa asubuhi hii, "Kompyuta ya gari imeungua, tafuta elfu arobaini." Wewe ndiye ninakuandikia. Usitume hizo pesa bado. Soma kwanza mpaka mwisho.

Wanaonijua kwa miaka mingi wanajua kwamba kabla ya chuo cha Biblia nilifanya kazi ya umeme wa magari kwa miaka minne. Mita yangu ya kupimia umeme bado iko nyumbani, na bado ninajua kuisoma. Kwa hivyo haya si maneno niliyoyaokota barabarani.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Kompyuta ya injini ni kisanduku cha chuma, ukubwa wake karibu na Biblia ya mfukoni iliyonenepa kidogo. Kwenye magari mengi ya miaka ya tisini hukaa ndani ya gari, chini ya dashibodi au nyuma ya mazulia ya pembeni. Kinapokea habari kutoka kwa sensa: injini ina joto kiasi gani, hewa inayoingia ni ngapi, mguu wako umekanyaga mafuta kiasi gani, injini inazunguka kwa kasi gani. Kikishasikia hayo yote, kinaamua injekta zinyunyize petroli kiasi gani na plagi zipige moto wakati gani. Mwaka 1979 kampuni ya Bosch ilitoa mtambo wa Motronic kwenye BMW 732i, ukiunganisha petroli na moto wa plagi ndani ya kompyuta moja. Kutoka hapo kazi hii ikaenea mpaka kwenye magari ya kawaida tunayoendesha sisi.

Piga hesabu uone. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, plagi zinapiga moto mara 100 kila sekunde. Kabla hujamaliza kusema "Amina", kisanduku hicho kimeshafanya maamuzi kwa mamia. Na kimefanya hivyo kwa miaka thelathini bila mtu kukifungua.

Sasa sikia tatizo. Kwa sababu kimefichwa, na kwa sababu ni watu wachache wanaokielewa, ndicho kinacholaumiwa haraka zaidi. Gari likikataa kuwaka na fundi akachoka kutafuta, hukumu inatoka: "Ni kompyuta." Nani atabisha? Hakuna anayeweza kukitazama kwa macho na kusema ni kizima. Mithali 18 inatuonya kuhusu msemaji wa kwanza kwenye kesi: maneno yake huonekana yamekamilika, mpaka mwingine afike na kuuliza maswali. Mpendwa, leo nataka nikufundishe maswali ya kuuliza.

Kuna mama mmoja katika kanisa letu. Ni mjane. Marehemu mume wake alimwachia Mitsubishi Galant ya mwaka 1992, gari la kizamani lakini limetunzwa. Mara mbili kwa wiki mama huyu lazima afike hospitali kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kusafishwa damu, kwa sababu figo zake hazifanyi kazi. Anakoishi ni juu mlimani, na saa hiyo matatu hazijaanza kushuka. Boda boda ipo, lakini mkono ambao umetengenezewa mshipa wa kusafishia damu haufai kubanwa wala kugongwa, na barabara ile mvua ikinyesha hata vijana wanaanguka. Kijana wake ndiye humpeleka kwa hilo Galant. Kwa hivyo tunapoongea kuhusu kompyuta ya gari hilo, tunaongea kuhusu damu ya mtu.

Gari lilianza kwa kunguruma vibaya likisimama. Mngurumo unapanda, unashuka, unapanda. Baadaye likawa linazima kwenye makutano. Siku moja likakataa kuwaka kabisa. Fundi akasema kompyuta imekufa, akaleta nyingine ya mtumba, akafunga, gari likawaka. Siku nne. Siku ya tano likazima tena, na fundi akasema kompyuta ya pili nayo imekufa. Sasa alitaka Ksh 45,000 atafute ya tatu.

Hapo ndipo mama alipokuja ofisini.

"Pasta," akaniambia, "wamesema kichwa cha gari kimekufa mara ya pili. Na shemeji zangu wanasema marehemu hataki tuliendeshe. Kuna mtu yuko tayari kulinunua kwa elfu sitini, aliuze vyuma kwa kilo. Nimechoka. Niambie niuze."

Akina mama wa kanisa walikuwa wameshaanza kuchanga. Na kulikuwa na ndugu wawili waliotaka tupange usiku wa maombi ya kulifungua gari hilo na roho ya mauti.

Nikamwambia, "Mama, kabla hatujamsingizia marehemu, nipe jioni moja na mita yangu. Na hao akina mama waambie wasimpe mtu hata shilingi moja mpaka nimalize."

Jioni ile tuliomba pale nje, maombi mafupi, tukamwomba Mungu subira na ukweli. Kisha nikafungua boneti. Mimi huombea magari na nitaendelea kuyaombea. Lakini volti zinapimwa kwa mita, na Mungu ndiye aliyempa mwanadamu akili ya kutengeneza mita.

Nitakupa mpangilio niliofuata ili na wewe uujue.

Kwanza, betri. Gari likiwa limezimwa na limepumzika, betri nzima yenye chaji husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, alternata inapaswa kusukuma kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikisukuma 16 au 17, hiyo alternata ndiyo inayoua vitu, na hata ukifunga kompyuta kumi zitakufa zote. Betri ya mama ilikuwa nzima. Alternata tungeipima injini ikiwaka.

Pili, fyuzi na relei. Kwenye Mitsubishi za miaka ile kuna relei moja inayopeleka umeme kwenye kompyuta na kwenye pampu ya petroli. Ndani yake lehemu hupata nyufa kwa uzee. Ikishindwa, gari linakufa kimya, na mtu anasema kompyuta. Hii ilikuwa inafanya kazi. Nikaigongagonga kwa kidole nikipima, umeme haukukatika.

Tatu, waya za athi, zile zinazorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Umeme lazima uende na urudi. Unaweka mita upande mmoja kwenye kichwa cha kutoa cha betri, upande mwingine kwenye waya ya athi ya kompyuta, mtu anapiga staata. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.2, kuna kutu au boliti imelegea. Ya mama ilisoma 0.6. Tulifungua boliti, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza. Ikashuka hadi 0.05. Hiyo ilikuwa kasoro, lakini peke yake haielezi kisanduku kuungua.

Nne, ile volti 5. Kompyuta hupeleka volti 5 kwa baadhi ya sensa ili zifanye kazi. Ukipima ukakuta volti 5 haipo, usikimbilie kusema kompyuta imekufa. Chomoa sensa moja, pima. Chomoa ya pili, pima. Mara nyingine unachomoa moja na volti 5 inarudi yenyewe. Maana yake sensa hiyo ndiyo ilikuwa imeunganisha umeme ndani na kuinyonga kompyuta nzima. Unanunua sensa, unaendelea na safari. Fikiria mtu angekuwa ameshatoa elfu arobaini! Kwa mama, tulichomoa zote na volti 5 haikurudi.

Tano, ndipo tukafungua kisanduku chenyewe. Nilimwita kijana wa kanisa anayetengeneza redio na televisheni, kwa sababu macho yake kwenye ubao wa saketi ni bora kuliko yangu. Tulianza na ile kompyuta ya kwanza, iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Alipoondoa kifuniko akarudisha kichwa nyuma.

"Pasta, inanuka omena!"

Alikuwa sawa kabisa. Ndani ya kompyuta hizi kuna kapasita, vikopo vidogo vya aluminiamu vyenye majimaji ndani. Vikizeeka vinavuja. Majimaji yake hunuka kama samaki, na yanapomwagika kwenye ubao yanakula njia za shaba polepole kama kutu. Kompyuta za Mitsubishi za mwanzo wa miaka ya tisini zinajulikana sana kwa ugonjwa huu, na magari ya kampuni nyingine za enzi hiyo hayajasalimika. Kwenye ubao wa mama njia kadhaa za shaba zilikuwa zimeliwa zikaisha.

Lakini haikuwa hiyo tu. Pembeni kulikuwa na chipu moja iliyopasuka katikati na kuacha doa jeusi. Kijana akafungua kompyuta ya pili, ile iliyodumu siku nne. Hii haikunuka kitu. Kapasita zake zilikuwa kavu. Ila chipu ileile, mahali palepale, ilikuwa imepasuka na doa jeusi lilelile.

Mpendwa, simama hapo kidogo. Visanduku viwili, kovu moja. Huyo si marehemu. Huyo ni muuaji aliyeacha alama ya mkono wake.

Tukafuata njia kutoka kwenye chipu ile hadi mwisho wa waya. Ikatupeleka kwenye mota ndogo iliyo kwenye njia ya hewa ya injini. Kazi ya mota hiyo ni kuongeza au kupunguza hewa ukiwa umeondoa mguu kwenye mafuta, ili gari lisizime likiwa limesimama. Ina pini sita na koili nne. Unapima pini ya 2 na 1, ya 2 na 3, kisha ya 5 na 4, ya 5 na 6. Mota nzima husoma kati ya ohm 28 na 33 kwenye joto la nyuzi 20. Tatu zilisoma 30 na kitu. Ya nne ikasoma 6.

Fanya hesabu pamoja nami. Volti 12 kwenye ohm 30 ni ampea 0.4. Volti 12 kwenye ohm 6 ni ampea 2. Chipu iliyotengenezwa kubeba mzigo mmoja ilikuwa inabebeshwa mitano. Lazima ipasuke. Na ile mota ilikuwa bado imekaa pale, inasubiri kompyuta ya tatu. Elfu arobaini na tano za akina mama zingeungua ndani ya wiki moja, na safari hii hata mimi ningeshindwa kumshawishi mtu kwamba gari halikurogwa.

Ndiyo maana nimekupa kichwa cha ujumbe huu vile nilivyokupa. Usilete kipya mahali ambapo kilichoua cha kwanza bado kimekaa. Ukifanya hivyo hujatengeneza, umeongeza maiti.

Nilimpelekea fundi visanduku vyote viwili na ile mota. Sikwenda kumwaibisha. Nilimwonyesha kovu, nikampa mita apime mwenyewe. Alinyamaza, kisha akasema, "Pasta, mimi sikujua mota inaweza kuua kompyuta." Alijitolea kufunga kila kitu bila malipo ya kazi. Fundi wa namna hiyo mshike. Mtu anayekubali kuonyeshwa ni bora kuliko mtu anayejua kila kitu.

Sasa tukaanza kutafuta kompyuta nyingine, na hapa nataka unisikilize vizuri.

Kisanduku kikifanana kwa nje hakimaanishi kinafanana kwa ndani. Angalia namba iliyo kwenye kibandiko. Gari la gia za mkono na gari la gia za otomatiki, injini ileile, mwaka uleule, huweza kuwa na kompyuta tofauti. Namba lazima iwe ileile, herufi kwa herufi, au iwe namba ambayo kampuni yenyewe imesema inachukua nafasi yake. "Hii itaingia tu" si jibu. Kuingia itaingia, kwa sababu soketi ni moja. Kufanya kazi ni jambo lingine.

Kabla hatujafika Nairobi, mtu mmoja alinipigia simu. Ana kompyuta ya Galant, Ksh 7,000 tu, italetwa usiku na boda boda. Nikamwomba picha ya kibandiko. Ikaja picha ya kisanduku kilichokwaruzwa mpaka namba haisomeki. Nikamuuliza ilitoka gari gani. Akasema, "Pasta, wewe unataka kitu ama unataka historia?"

Nikakata simu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 322, inamhukumu anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kujua, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Lakini weka sheria kando kwanza. Mahali fulani kuna mtu aliamka saa kumi usiku ampeleke mgonjwa wake, akakuta dashibodi imefunguliwa na waya zinaning'inia. Huwezi kumsaidia mjane mmoja kwa kununua machozi ya mwingine. Ukijua bei ni ndogo kupita kiasi na muuzaji anakasirika ukiuliza, umeshajibiwa.

Tulipata ya halali katika barabara ya Kirinyaga, mtumba kutoka Japani, namba ileile, Ksh 16,000. Muuzaji aliandika namba hiyo kwenye risiti na akatupa siku saba za kuirudisha ikikataa. Mota ya hewa tulipata kwa Ksh 4,500, na tuliipima palepale juu ya meza kabla ya kulipa. Koili zote nne zilisoma kati ya 29 na 31. Kijana wetu akabadilisha kapasita za kompyuta hiyo kabla haijafungwa, akaweka mpya zinazovumilia joto la nyuzi 105, kwa Ksh 1,500. Maana kisanduku cha mtumba cha mwaka 1992 nacho kina umri uleule na ugonjwa uleule. Haukuwa umeanza kuvuja tu. Jumla ilikuwa Ksh 22,000. Mchango wa akina mama ulitosha, na uliobaki ukanunua matairi mawili ya mbele.

Kufunga hakuna miujiza, kunataka utulivu. Ondoa kichwa cha kutoa cha betri kwanza. Shika chuma cha bodi kabla ya kugusa kisanduku, ili umeme uliokaa mwilini mwako usirukie kwenye pini. Usiguse pini kwa vidole. Chomeka soketi mpaka zilie "ta". Rudisha kisanduku kwenye kishikizo chake na boliti zake zote. Usikiache kining'inie kwa waya. Angalia juu yake: je, mpira wa kioo cha mbele unavuja? Maji yakidondoka pale kila mvua, utarudi gereji.

Rudisha betri, fungua funguo bila kuwasha. Kwenye gari lile taa ya injini inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime. Iliwaka. Ikazima. Kijana akapiga staata na Galant likanguruma. Tukapima alternata: volti 14.1. Tukaliacha lipate joto lake kamili bila kulikanyaga, kwa sababu kompyuta ikikatiwa umeme husahau marekebisho iliyojifunza na inahitaji muda kujifunza tena. Dakika za kwanza mngurumo ulikuwa na kigugumizi. Usiogope hilo.

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri mama alikuwa njiani kwenda hospitali. Huu ni mwezi wa saba. Hajakosa hata siku moja kwa sababu ya gari.

Wenye magari ya miaka ya karibuni, ninyi mna jambo la ziada. Kuanzia miaka ya tisini kampuni nyingi zilianza kuweka chipu ndani ya funguo. Kompyuta inaijua funguo yake, na isipoijua, gari haliwaki au linawaka na kuzima. Kwa magari hayo, kompyuta ya mtumba lazima ipangwe upya ikubali funguo zako, au habari za kisanduku cha zamani zinakiliwe kwenye kipya. Uliza bei ya kazi hiyo kabla ya kununua kisanduku, usije ukaulizia baadaye ukiwa umeshalipa. Na kisanduku cha zamani usikitupe wala usikiache gereji. Habari za funguo zako zimo ndani yake.

Nyingine ni hii: kompyuta nyingi tunaziua sisi wenyewe. Mtu anampa mwenzake umeme wa betri na kugeuza waya, nyekundu kwenye nyeusi. Mtu anaondoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka, eti anapima alternata. Mtu anapeleka gari kwa wachomeleaji, wanachoma vyuma vya bodi na betri bado imeunganishwa. Kabla ya kuchomelea, toa betri na uchomoe kompyuta. Ni kazi ya dakika kumi.

Kwa hivyo wewe uliyeambiwa asubuhi utafute elfu arobaini, rudi kwa fundi wako kwa heshima, usiende na ugomvi, umuulize maswali manne. Umepima umeme unaoingia kwenye kompyuta na athi inayotoka? Umechomoa sensa moja moja kuona kama volti 5 inarudi? Umekifungua kisanduku, na ndani umeona nini? Na la nne ndilo kubwa: ni nini kilichoiua? Akiweza kujibu yote manne, mlipe, maana kompyuta hufa kweli na yeye anastahili ujira wake. Asipoweza, mwambie apime kwanza, au tafuta mtu wa pili apime.

Na kama hauna gari, umesoma mpaka hapa ukijiuliza hili linanihusu nini, wewe nawe nina neno lako. Umebadilisha kazi mara tatu na kila bosi mnagombana kwa jambo lilelile. Umehama kanisa, umehama mtaa, umebadilisha marafiki, na kovu ni moja, mahali palepale. Kabla hujatafuta kisanduku cha nne, kaa chini na Mungu, na ikiwezekana na mtu mzima anayekupenda, mfuate waya huo mpaka mwisho wake. Kuna kitu kidogo kimekaa pale kinasubiri. Kikishapatikana, mara nyingi si ghali kukiondoa.

Mungu awape mafundi wetu macho ya kuona na ujasiri wa kusema "sijapima bado". Awalinde walio barabarani saa kumi na moja alfajiri na wagonjwa wao. Awabariki akina mama waliochanga.

Hifadhi ujumbe huu, na mtumie yule jirani ambaye gari lake limekaa uani miezi sita kwa sababu "ni kompyuta". Ukikwama na vipimo, niandikie hapa chini namba ulizosoma kwenye mita. Nitakujibu jioni baada ya ibada.

Ubarikiwe.